Injinia Januarius na Mabati Sabini

Godoro ndilo lililomponza. Januarius alikuwa amepeleka pikipiki kwa fundi Mashimba pale Somanda, cheni imelegea, na wakati anasubiri akaona godoro la futi tatu na nusu limekunjwa nyuma ya rundo la matairi. Juu yake kulikuwa na shuka, mto na Biblia. Mtu mwingine angeona godoro tu. Januarius aliona kazi.

Maana gereji haina shida na mto. Mwanamume mwenye pete kidoleni halali na injini mpaka kuwe na jambo nyumbani kwake, na kwa uzoefu wa Januarius jambo hilo huwa ama ugomvi ama nafasi. Ugomvi wa watu haumlishi mtu wa tatu. Nafasi inalisha vizuri sana.

Akauliza kwa upole, macho yake yakiwa kwenye cheni. Mashimba, ambaye alikuwa na hamu ya kuulizwa tangu mwaka juzi, akamwaga yote. Nyumba yake ina vyumba viwili na sebule. Ndani kuna mkewe Evalina, mtoto wa kwanza Mboje, mapacha Kulwa na Doto wenye miaka miwili, na sasa Shija, mwenye wiki tatu. Kuna shemeji yake Winnie. Na kuna mama mkwe, Bibi Nyanjige, aliyekuja kutoka Ngulyati kulea mapacha na hajarudi kwao mpaka leo.

"Na mimi na mama mkwe hatuwezi kulala chini ya paa moja," Mashimba akasema, akifuta mikono kwa tambara. "Ndiyo maana unaona hilo godoro. Miaka miwili sasa naota kelele za pikipiki."

Shija alipatikana vipi katika hali hiyo ni swali ambalo mtaa mzima ulishalijadili, na sisi hatutalirudia. Inatosha kusema kwamba Bibi Nyanjige alikuwa muumini mzuri, na misa ya Jumapili pale parokiani ni ndefu.

Angeuliza swali moja tu la ziada, kwa nini bibi hajarudi kwao, Januarius leo angekuwa mtu mwingine. Hakuuliza. Alikuwa ameshatoa kadi mfukoni.

Kadi ilisema: Inj. Januarius, Ramani, Ujenzi na Ushauri. Uinjinia huo alijipa mwenyewe siku aliyookota kofia ngumu ya njano kando ya barabara, wakati lami inajengwa. Aliivaa, akajitazama kwenye kioo cha pikipiki, akaona imemkaa. Vyuo vingi vimetoa mainjinia kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Kwao ni Lamadi, ziwani, mama yake ni muuza dagaa, na yeye mwenyewe alijua samaki kwa majina yao yote. Mambo ya ng'ombe, pamba na ukwe wa huku bara aliyajua kwa kusikia tu, na Kisukuma chake kilikuwa cha kusalimia na kushukuru.

Kazi yake ilikuwa safi. Alitafuta nyumba ya zamani yenye mabati ya enzi za pamba nzuri, yale mazito ambayo siku hizi hayatengenezwi. Alimweleza mwenye nyumba kwamba familia imekua, nyumba ipanuliwe, na ili vyumba vipya viungane na vya zamani lazima paa lote lishuke. Mabati ya zamani yeye atayapeleka Mwanza na kuyabadilisha kwa mapya ya rangi, bati kwa bati, bila nyongeza. Mwenye nyumba alipanda juu mwenyewe na kuyashusha. Januarius alihesabu, alishukuru, alipakia. "Wiki mbili," alisema. Mwizi wa kawaida huja kwa kunyata. Yeye alifika saa nne asubuhi na kukaribishwa chai.

Alishafanya kazi Lingeka, Ngulyati, na vijiji vingine ambavyo kwa heshima hatutavitaja. Alikuwa na kanuni moja, kutorudi alikotoka. Mabati mengi aliyauza na kuyala. Lakini sabini hakuyagusa, yalikuwa mazito kupita yote aliyowahi kuyaona. Aliyapata kwa mzee mmoja kiziwi aliyekuwa anakaa peke yake na mbwa. Aliyanyoosha, akayapaka rangi nyekundu upande wa juu, akayafungia kwenye stoo aliyopanga nyuma ya mashine ya kusaga. Kwa chini kila bati lilikuwa limekwaruzwa alama, duara lenye mikia miwili. Alidhani ni ya kiwandani.

Hayo sabini ndiyo yalikuwa maisha yake. Yakifika mia, alijiapia, anaacha uinjinia. Anafungua duka la mabati Lamadi kando ya barabara kuu, jina lake juu ya mlango, na mama yake anatoka juani kwenye dagaa anakaa ndani kwenye kiti cha kuzunguka. Bado thelathini tu. Na nyumba ya Mashimba, alipokwenda kuichungulia jioni ile, ilikuwa na mabati mazito ishirini na sita.

Kesho yake akafika na kofia ya njano kichwani na ramani kwapani.

Ramani ile inahitaji maelezo. Ilikuwa moja tu. Aliitoa kopi mara nyingi kadiri alivyokuwa na wateja, na ilionyesha nyumba ya ghorofa yenye mnazi mlangoni na gari kubwa limeegeshwa, na ndani ya gari kichwa cha mtu anayecheka. Simiyu haina minazi, lakini hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Walipenda lile gari.

Walikaa sebuleni. Evalina alikuwa na Shija mgongoni, Mboje na mapacha walikuwa wanagombania kofia ya njano, na Mashimba alikaa karibu na mlango wa mbele, mguu mmoja nje. Bibi Nyanjige alikuwa jikoni, nyuma ya pazia. Yeye na mkwe wake hawakuonana uso kwa uso. Bibi akitaka kusema neno na Mashimba alimwambia Evalina, Evalina akamwambia mumewe, ingawa pazia lilikuwa la khanga na mumewe alikuwa ameshasikia kila kitu. Hakuna aliyecheka. Ndivyo watu wenye adabu wanavyoishi.

Januarius akaanza. Akaeleza vyumba vitatu vipya, veranda, na paa moja kubwa litakalofunika vyote, cha mama mkwe hapa, cha baba na mama pale, ukuta kwa ukuta. Akangoja wamshangilie. Mashimba akautoa na mguu wa pili nje. Jikoni sufuria ikaacha kusikika.

"Paa moja?" Evalina akauliza taratibu, kwa namna ambayo mtu humwuliza mgeni kama kweli amekusudia kukaa kwenye kiti cha padri.

Januarius alikuwa mwepesi. Akacheka, akasema hiyo ilikuwa ramani ya Dar es Salaam, ya watu wasiokuwa na wakwe, hapa mapaa yatakuwa mawili na kati yake uwazi unaoonyesha mbingu. Moyoni alijilaani. Bila kuunganisha mapaa hakukuwa na sababu ya kushusha lile la zamani, na bila kushusha hakukuwa na mabati.

Ndipo sauti ikatoka jikoni, ikiomba kuiona hiyo karatasi.

Mashimba akaondoka kabisa, akarudi gereji. Bibi Nyanjige akatoka nyuma ya pazia, mwanamke mfupi, mnene kidogo, macho makavu. Januarius akasimama akamwinamia. "Mwadila, mayu," akamsalimia mama huyo, na akajipongeza kwa Kisukuma chake. Bibi akaitikia, akachukua ramani, akaishika mbali na uso kama wafanyavyo wasiokuwa na miwani. Aliitazama muda mrefu sana. Aliutazama mnazi. Alilitazama gari, na kile kichwa kinachocheka.

"Wabeja," akashukuru, akairudisha. "Hii ni kazi ya mtu aliyesoma."

Halafu akakaa, akamwita Winnie alete michembe ya viazi vitamu na karanga, na akaanza kuongea mambo yake kama bibi yeyote aliyepata msikilizaji. Marehemu mume wake, Mungu amlaze pema, alikuwa mkulima mkubwa wa pamba. Alimwachia nyumba Ngulyati, nyumba na ghala lake. Tangu afe imefungwa, hakuna anayekaa mle, popo tu. Mabati mia moja, mazito, ya enzi zile. Yeye mwanamke mzee angeyafanyia nini? Akipata mtu mwaminifu wa kumbadilishia kwa mapya ya rangi, angefurahi kabla hajafa.

Januarius alikuwa anatafuna mchembe na ukamkwama. Neno Ngulyati lilikuwa limemgusa mahali pabaya. Lakini Ngulyati ni kubwa. Mzee wake wa Ngulyati hakuwa marehemu, alikuwa kiziwi tu, na hakuwa na mke, alikuwa na mbwa. Na paa lake halikuwepo tena, yeye mwenyewe ndiye shahidi. Kwa hiyo ni nyumba nyingine. Akauliza kwa adabu nyumba iko upande gani, na bibi akataja upande mwingine kabisa, ng'ambo ya korongo. Moyo wa Januarius ukatulia, ukaanza kupiga kwa sababu nyingine. Mia! Juu ya sabini yake! Hilo si duka, hilo ni ghala lenye mlinzi.

Hapo ndipo Winnie aliporudi na maji ya kunawa. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, mshonaji nguo, mwenye kicheko cha chini, na alimnawisha Januarius kwa kupiga goti kidogo tu, kiasi cha kumfanya mtu afikirie goti lile siku nzima. Na Januarius, ambaye alikuwa na kipaji cha kuongeza chumvi kwenye kitu kilichokwisha kukolea, akaona njia ya kufunga mlango wa mashaka moja kwa moja. Mtu wa nyumbani hashukiwi. Jirani yao Apolonia, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa ameingia kuomba chumvi na amesimama mlangoni. Shahidi yupo. Januarius akavua kofia.

"Mayu," akasema, "mimi sitaki kuwa fundi wa nyumba hii. Ukiniruhusu, nataka kuwa mtoto wa nyumba hii." Na akamtazama Winnie, ili pasiwe na utata.

Winnie akaangalia chini. Apolonia akaacha mdomo wazi. Bibi Nyanjige alivuta khanga yake, akajifunika uso, akasimama, akamgeuzia mgongo, na akaingia jikoni nyuma ya pazia.

Januarius alidhani amekataliwa. Evalina, kwa uso mzito wa mtu anayezuia kitu tumboni, akamweleza kwamba hapana, amekubaliwa kufikiriwa. Ila kuanzia sasa mama hatamwonyesha uso. Na yeye Januarius haruhusiwi kukanyaga ua wa mama mkwe kule Ngulyati, wala kuuchungulia, wala kuuliza watu habari zake, mpaka siku atakayokwenda rasmi na kitu mkononi. Mkwe anayechungulia kwa wakwe kabla ya siku, watu wa huku wanamwona mwizi.

"Mimi, mwizi?" Januarius akasema, na alichukizwa kweli. Akaapa hatapita hata barabara ya Ngulyati.

Ndivyo alivyojifumba macho mwenyewe, tena mbele ya mwenyekiti wa jumuiya.

Kilichofuata kilikwenda taratibu, na kila hatua ilikuwa na akili yake. Kupitia Evalina, bibi akasema kwamba jambo la mabati mia ameliridhia, lakini watu wa ukoo watauliza: huyu mkwe mtarajiwa tumeona kazi yake wapi? Basi aanze na chumba cha hapa. Matofali ya kuchoma Mashimba anayo tangu mwaka juzi, wanajumuiya watajenga kuta, mkwe alete paa. Mabati ishirini yatatosha. Watu wa ukoo wakija wakaona mkwe amemtoa Mashimba gereji, nani atabisha?

Januarius akalala na hesabu hiyo na akaamka nayo. Ishirini kwa kupata mia. Mvuvi yeyote wa Lamadi anajua hupati sangara bila kutoa chambo, na yeye alikuwa mtoto wa ziwani. Akaenda stoo, akayachagua ishirini, akayatoa moja moja. Bati la ishirini alilirudisha ndani mara mbili kabla ya kulitoa kabisa.

Wiki tatu zile zilikuwa ngumu kwake, maana ilibidi ajenge. Hakuwahi kujenga. Alisimama na kofia yake akinyoosha kidole, na mwashi wa jumuiya, mzee mmoja mkimya aitwaye Boniventura, alikuwa anamwuliza kila asubuhi, "Injinia, msingi tuushushe kiasi gani?" na Januarius alikuwa anajibu, "Wewe ungeushusha kiasi gani?" na alipojibiwa alitikisa kichwa na kusema sawa kabisa. Kwa njia hiyo kuta zikapanda vizuri. Alibeba maji. Alipasua viganja. Jioni Winnie alikuwa anamletea uji, akimsifia mikono, na Januarius alianza kugundua kwamba anaingoja saa ya uji kuliko anavyoyangoja mabati mia. Lilimtia hofu kidogo jambo hilo. Akajikumbusha kiti cha kuzunguka cha mama yake.

Siku paa lilipokamilika, jekundu, likiwa na uwazi wake mzuri kati ya chumba kipya na nyumba ya zamani, Mashimba alibeba godoro lake kutoka gereji kichwani, katikati ya barabara, mchana, na madereva wa bodaboda wakampigia honi mpaka nyumbani. Alimshika Januarius mkono, akautikisa. Bibi Nyanjige akaingia kwenye chumba chake kipya, akafunga mlango, akakaa humo akitazama juu. Januarius alimsikia akicheka peke yake, akadhani ni furaha ya kupata chumba.

Siku ya Ngulyati ikapangwa. Sharti la mwisho likapita nyuma ya pazia: mvua zinakaribia, na nyumba ya marehemu haiwezi kukaa wazi hata siku moja, ukoo utanung'unika. Mkwe aje na mapya yote aliyonayo, ya zamani yashuke na mapya yapande siku hiyo hiyo, yanayopungua ataleta baadaye. Januarius alikuwa ameshapanga la kwake. Atapakia hamsini yake yaliyobaki, ataonyesha rangi, watu watapanda kushusha ya zamani, na mia yakishakuwa chini atasema gari lipeleke mzigo wa kwanza, na mzigo wa kwanza utakuwa wote. Winnie akamtafutia gari dogo la mizigo, kirikuu ya kijana aitwaye Magese, mtu mpole asiyependa maswali. Dereva wa namna hiyo ndiye Januarius aliyemtaka siku zote.

Wakaondoka saa mbili asubuhi, Januarius na Magese mbele, mabati nyuma yakigongana kwa kila shimo. Wanawake walikuwa wametangulia kwa bodaboda. Januarius alikuwa amevaa kofia yake na shati jeupe. Alifikiria duka. Alifikiria pia, kwa aibu kidogo, kama Winnie angependa kukaa Lamadi.

Magese hakuvuka korongo. Alikata kushoto kabla ya kulifikia.

"Kaka, ni ng'ambo," Januarius akasema.

"Kuna njia fupi," Magese akasema.

Njia fupi ilipita kwenye shamba la pamba, ikapita kwenye zizi, na kidogo kidogo Januarius akaanza kuitambua. Ule mpaka wa minyaa. Lile tangi la maji lililopasuka. Ule mlango wa bluu. Na mbwa, yule yule, mzee zaidi, akija mbio akitikisa mkia kama anavyomlaki mtu anayemfahamu.

Nyumba na ghala vilikuwa kuta tupu. Hakukuwa na bati hata moja, si mia, si kumi. Nyasi zilikuwa zimeota ndani ya sebule. Pembeni kulikuwa na kijumba cha nyasi, jiko na zizi la mbuzi pamoja, na kutoka kwenye kijumba hicho, akiinama mlangoni, akatoka marehemu.

Alikuwa Mzee Mayala, mzima wa afya, na alikuwa kiziwi kama zamani. Nyuma yake wakatoka vijana kama thelathini na majembe, ngazi na nyundo, kikundi cha kazi cha kijiji na kiongozi wao mwenye filimbi, wanayemwita nsumba ntale. Anayeingia kwenye kazi ya kikundi hicho hatoki mpaka iishe, na anayetoka hulipa ng'ombe. Januarius hakuwa na ng'ombe. Alimgeukia Magese. Magese alikuwa amechomoa ufunguo na anautia mfukoni, bila haraka.

"Ng'ombe wangu mimi walishafika kwa mzee tangu mavuno," Magese akasema. "Harusi yetu na Winnie ni Desemba. Karibu sana."

Bibi Nyanjige alikuwa amesimama karibu na ukuta, khanga usoni, mgongo wake kwa Januarius, maana Januarius alikuwa ametamka ukwe mbele ya mashahidi na bibi alikuwa mtu wa adabu. Akaongea na ukuta, taratibu.

"Ile karatasi yako uliiacha na hapa. Tumeiweka miaka miwili. Mnazi, gari, na yule anayecheka. Binti zangu walitaka polisi. Nikawaambia polisi watamweka mtu ndani, na mimi sina shida na mtu ndani, nina shida na paa. Mume wangu analala na mbuzi. Mkwe wangu alikuwa analala na matairi. Umetulaza vibaya wote, baba, na sisi hatukuwa na kosa."

Januarius aliwaza sabini yake, ishirini kule Somanda, hamsini hapa kwenye gari, na duka la Lamadi likafungwa mlango mbele ya macho yake kabla halijafunguliwa. Alitaka kulia, na hilo si tusi, mtu yeyote angetaka.

Lakini Mzee Mayala alikuwa ameshafika. Hakuwa amesikia lolote, na ilionekana hakuna aliyemweleza chochote, au walimweleza akakataa. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya kirikuu, akalishika bati la juu, akaliinua ukingo akachungulia upande usiokuwa na rangi. Pale palikuwa na duara lenye mikia miwili, alama aliyowachoma ng'ombe wake wote tangu ujana, aliyoikwaruza kwa msumari kwenye mabati yake mwaka aliouza pamba kuliko mtu yeyote Ngulyati. Akapapasa la pili. La tatu. Akageuka kwa wale vijana, uso umemjaa furaha, na akasema kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia.

"Niliwaambia."

Akalipiga bati kofi.

"Niliwaambia atarudi. Mlinicheka. Mkasema Mayala ameibiwa mchana. Nikasema mtu aliyekunywa chai yangu akasema wiki mbili atarudi, njia ndiyo mbovu. Si huyu hapa? Na ameyapaka rangi, kama alivyosema." Akamshika Januarius mkono kwa mikono yake miwili. "Umechelewa kidogo, mwanangu. Hakuna neno. Hamsini nimeyaona. Ishirini mke wangu amesema yako kwa wajukuu, na ni mahali pazuri."

Januarius akahisi kitu kikimpanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Kilikuwa kigeni kwake kiasi kwamba kwanza alidhani ni njaa. Ilikuwa aibu. Katika watu wote aliowadanganya tangu aokote ile kofia, mmoja alikuwa amemngoja miaka miwili bila kumtukana, amelala na mbuzi, akimtetea.

Filimbi ikapigwa. Mtu akampa Januarius nyundo, mwingine akamwekea ngazi. Alipanda. Boniventura alikuwa ameshamfundisha bila kujua, na misumari ilikwenda mahali pake. Walipiga mabati mpaka jua likawa kali, wakala ugali na maziwa, wakapiga tena, na saa tisa paa la nyumba lilikuwa limekaa, jekundu kwa nje na alama za ng'ombe kwa ndani, ghala tu likabaki wazi. Winnie alileta uji kwa wote, akampa Magese wa kwanza. Bibi Nyanjige akaingia ndani ya nyumba yake, akaanza kung'oa nyasi za sebuleni.

Kirikuu iliondoka na Magese na Winnie. Hakukuwa na nafasi ya tatu, na pikipiki ya Januarius ilikuwa Somanda kwa Mashimba, ambaye, kwa bahati, alikuwa hajamaliza kuitengeneza. Januarius alikuwa bado juu, akipiga msumari wa mwisho polepole, maana hakujua akishuka aende wapi. Mzee Mayala akasimama chini, akakinga jua kwa kiganja.

"Injinia! Nimemtumia shemeji yangu wa Lingeka ujumbe kwamba umeonekana. Amefurahi mno. Wamefunga shughuli, kesho asubuhi wanakuja hapa na trekta kukuchukua." Akafikiri kidogo, asije akakosea. "Anasema yeye ulimwahidi mabati ya kijani."